Kidonda cha Mbuzi wa Amana

Celedonio Rocha ana mbuzi thelathini na wanne zizini, na walio wake mwenyewe kabisa ni tisa tu. Wengine wote ni wa watu. Hapa Tanque Seco ndivyo tunavyofuga. Anayeondoka kwenda kutafuta kazi Monterrey au ng'ambo ya mto wa mpakani hamuuzi mbuzi wake, humkabidhi kwa mtu anayebaki. Vitoto vikizaliwa mnagawana nusu kwa nusu, maziwa ni ya mchungaji, na mama hubaki mali ya mwenyewe hata ikipita miaka kumi. Mbuzi akifa kwa kudra ya Mungu, mchungaji hupeleka ngozi yenye masikio yote mawili, alama ya mwenyewe ionekane, na maneno huishia hapo. Akifa au akiharibika kwa uzembe wa mchungaji, mchungaji hutoa mmoja wa mbuzi wake, tena aliye sawa na yule. Hakuna karatasi wala wakili. Kuna kauli ya mchungaji tu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwepo.

Kwa hiyo watu wetu huchagua mtu kwanza, malisho baadaye, na kwa miaka thelathini wengi wamemchagua Celedonio. Ni mzee wa miaka sitini na miwili, mwembamba, anachechemea kwa sababu ya teke la punda. Mbuzi huwaambia "bibi, tafadhali" anapotaka wapishe mlangoni. Watu huwaita kwa mluzi. Katika miaka hiyo yote amepeleka ngozi mbili tu, moja ya mbuzi aliyeliwa na mbweha na nyingine ya mbuzi aliyekula majani ya sumu. Hakuna aliyemuuliza swali.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, siku tisa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, mbuzi aitwaye Zarca aliumia kwa kosa la Celedonio mwenyewe.

Waya mmoja wa seng'enge kwenye lango la zizi ulikuwa umechomoka tangu Pasaka. Hermelinda, mkewe, alimwambia aurudishe mahali pake. Alipoona siku zinapita akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha ili watu wasichane nguo. Watu walikiona kitambaa. Mbuzi hawasomi vitambaa. Asubuhi ya Jumatano, kundi lilipokuwa likisukumana kutoka, Zarca alibanwa upande wa lango, na miiba ya waya ikampasua paja la kushoto kwa ndani, shubiri nzima, kutoka karibu na goti hadi vidole viwili tu kabla ya kiwele.

"Usiniambie," alisema Celedonio, kabla mkewe hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu," Hermelinda akajibu. "Kitambaa ndicho kinachosema."

Zarca, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya jicho lake moja lenye rangi ya maji, alikuwa wa Eduviges. Miaka ishirini na mitatu iliyopita Celedonio alimshika binti wa Eduviges, Nayeli, kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku ile yeye na mama wa mtoto huitana kompadre na komadre. Kwetu huo ni udugu ambao hauvunjwi hata na ugomvi wa mipaka. Eduviges ni mjane. Anasafisha nyumba za watu ng'ambo ya mto, na huja mara moja kwa mwaka, kwa sikukuu. Safari hii angefika Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Walimlaza Zarca kwa ubavu. Hermelinda akanyoa manyoya kwa mkasi wa kushonea, Celedonio akachemsha maji na majani machungu ya gobernadora, kisha akatia konzi ya chumvi ya mawe. Sisi tumelelewa kwa maji ya chumvi. Mguu wa punda, fizi iliyong'olewa jino, kichwa cha mlevi aliyeanguka, vyote huoshwa hivyo, mtu akipiga kelele huambiwa dawa inafanya kazi. Zarca alipiga kelele. Wakamwosha tena jioni.

Alipoachiliwa tu aligeuza shingo akaanza kulamba. Ulimi wa mbuzi una ukali wa msasa. Celedonio alimpiga kofi dogo puani, mbuzi akangoja ageuke, akaendelea.

Basi akatafuta ndoo ya zamani ya rangi, akaikata kitako, akaizungushia kitambaa ukingoni, akamvisha kichwani na kuifunga shingoni. Zarca hakuona tena pembeni. Alirudi nyuma zizi zima kana kwamba ndoo ingemwachia akikimbia kinyumenyume, akagonga hori, akaangusha beseni la maji, na kufika jioni ndoo ilikuwa imepasuka vipande viwili na majirani wawili wa Celedonio walikuwa wamekaa ukutani wakitazama kama watu walioingia sarakasi bila kiingilio.

Siku ya pili alifanya kazi ya maana zaidi. Alikata mabua manane makavu ya mkonge, kila moja urefu wa kutoka taya hadi bega, akayaunga kwa kamba mbili kama ngazi ndogo, kisha akamzungushia mbuzi shingoni. Shingo ikanyooka kama gogo. Zarca aliweza kula majani yaliyotundikwa mbele yake, aliweza kunywa akiinuliwa beseni, lakini kugeuka hakuweza hata kidogo.

Nicanor alikuja kuona. Ni kaka yake Hermelinda, na ndiye mchinjaji wetu. Kila sikukuu nyama yote hupita mikononi mwake.

"Shemeji," alisema, "huyu mbuzi amevunjika shingo au ameteuliwa kuwa gavana?"

Celedonio hakucheka. Alikuwa ameinama akitazama kidonda. Utando mwembamba ulikuwa umeanza kushika juu yake, na hilo lilimpa moyo. Mchana kundi lingekwenda malishoni na Zarca angebaki. Jioni wangelala pamoja kama kawaida, kwa kuwa mbuzi akitengwa na wenzake hulia mpaka homa impate. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na hakufikiri vibaya.

Ijumaa asubuhi utando haukuwepo. Nyama ilikuwa wazi, nyekundu, imelowa. Celedonio alikagua mabua moja moja. Hakuna lililolegea. Alikaza kamba, akamwosha kwa chumvi nyingi zaidi. Jumamosi mambo yalikuwa yale yale, na nzi walikuwa wameanza. Alitundika magunia kwenye kuta kwa kudhani mbuzi anajisugua. Hermelinda, aliyekumbuka kwamba mwanamke fulani alikuwa amemsifia Zarca mwezi uliopita bila kumgusa, alisema ni kijicho, akachukua yai bichi na kumpitishia mbuzi mwili mzima kama tufanyavyo kwa watoto. Zarca alijaribu kulila.

Kutoka hapo Celedonio aliacha kula chakula cha mchana. Alikuwa akienda malishoni na kundi, kisha anageuza njiani kurudi kuangalia, na mbuzi wanamfuata wakidhani siku imekwisha. Alijua kidonda kikifika kwenye kiwele mbuzi huyo kwisha. Mbuzi wa maziwa asiye na kiwele ni supu inayotembea.

Jumamosi hiyo jioni simu ya Hermelinda ililia, naye akampa mumewe. Alikuwa Eduviges. Aliuliza habari za mvua, hakuna. Za padri, yupo. Kisha akauliza, "Na Zarca wangu, kompadre?"

"Yupo, komadre. Anakula vizuri."

"Kiwele chake?"

"Ndicho kile kile."

Eduviges akacheka kwa furaha na kusema ndivyo alivyotaka kusikia, maana Nayeli anaolewa Juni, na yeye hana dhahabu wala samani za kumpa binti yake. Anaye Zarca. Anataka Nayeli aanze nyumba yake na mbuzi anayekamuliwa lita tatu, ili mama mkwe asipate la kusema.

Celedonio alimrudishia mkewe simu. Kila alichosema kilikuwa kweli: mbuzi alikuwepo, alikula, na kiwele hakikuwa kimebadilishwa na kingine. Lakini kweli zikipangwa ili mtu asijue ni uongo uliooshwa uso, na mtu mzima analijua hilo hata asipoambiwa na padri. Hermelinda akaenda kuchoma tortilla, mikate yetu ya mahindi.

Jumapili ukingo wa kidonda uliokuwa karibu na kiwele ulivimba na kupata joto. Maziwa ya upande wa kushoto yalitoka na nyuzinyuzi. Baada ya misa Nicanor alimshika mkono shemeji yake, akamvuta pembeni ya ngazi za kanisa.

Alikuwa amekwisha kufikiria kila kitu. Nyama bado ni nzuri, alisema, na yeye anahitaji mbuzi mmoja zaidi kwa ajili ya sikukuu. Angechinja kesho. Ngozi angeichuna kwa uangalifu, na pale penye jeraha angeparua kidogo pafanane na meno ya mbweha. Masikio yapo, alama ipo. Komadre atalia siku moja, sikukuu itampooza.

"Ngozi haina ulimi, shemeji," alimalizia.

"Mimi ninao."

"Basi ufungie ndani. Umeumbiwa meno kwa kazi hiyo."

Ningependa kuandika kwamba Celedonio alimfukuza. Hakumfukuza. Alisema ampe mpaka kesho afikiri. Mtu ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amekabidhiwa mifugo ya wengine bila karatasi aliomba siku moja ya kufikiri kama aibe au asiibe, na siku hiyo aliihitaji yote. Wanaosema mtu mwema hajaribiwi hawajawahi kupewa kitu cha watu wakakiharibu.

Jumatatu hakulitoa kundi kwenda malishoni. Alimwosha Zarca asubuhi kwa maji ya chumvi kama kawaida, akawatupia wote mipungate iliyounguzwa miiba yake kwa moto, kisha akakaa juu ya jiwe nje ya zizi kumngoja Nicanor. Hermelinda alimuuliza kundi litakula nini. Akajibu siku moja haiui. Akamuuliza anangoja nini. Akainama kukaza kamba ya kiatu.

Jua lilipofika utosini mbuzi walilala kwenye kivuli cha ukuta, wakicheua. Zarca alisimama peke yake na ngazi yake shingoni, macho mbele. Ndipo mbuzi mmoja akainuka. Alikuwa binti yake Zarca, mtamba wa mwaka jana mwenye sikio moja jeupe, na alikwenda moja kwa moja, bila haraka, kama mtu aendaye dukani kwa kitu anachokijua kilipo. Aliinamisha kichwa chini ya paja la mama yake akaanza kulamba.

Zarca alipiga kwato chini. Alijaribu kugeuza kichwa amchome pembe, mabua yakamzuia. Akajaribu upande wa pili, mabua yakamzuia. Kisha akasimama tu, ngozi ikimtetemeka. Mbuzi wa pili akaja akamsukuma mtamba, akalamba. Wa tatu alikuwa nyuma yake akingoja zamu.

Celedonio hakusimama mara moja. Aliwahesabu. Tangu Machi, bonge la chumvi la kundi lilipokwisha, alikuwa akisema atanunua jingine, na hakununua. Alikuwa amewanyima chumvi mbuzi thelathini na watatu, na kwa siku sita yule mmoja akampaka chumvi hiyo kwenye kidonda, asubuhi na jioni. Kisha akamfunga shingo ili asiweze kujitetea. Zarca mwenyewe alikuwa ameacha kulamba tangu Alhamisi.

Alipoingia zizini kuwafukuza, Nicanor alikuwa anafika, visu vyake vimeviringishwa kwenye gunia.

"Rudi navyo," Celedonio alimwambia, na akamweleza alichokiona.

Nicanor alitua gunia chini. "Kwa hiyo umekuwa ukimtia mbuzi chumvi akiwa hai," alisema polepole. "Mimi huwa nangoja afe kwanza."

"Nenda, Nicanor."

"Naenda. Lakini atakufa vilevile, na nyama itakuwa imeharibika. Halafu utanitafuta."

Hakikuwa kitisho cha bure. Upande wa kushoto wa kiwele ulikuwa mgumu kama embe bichi. Walimhamishia Zarca kwenye ua wa kuku, nyuma ya jiko, mahali ambapo angesikia wenzake bila kuwafikia. Maji ya kumwoshea yalichemshwa tena, safari hii bila chumvi, kwa sabuni tu. Hermelinda alikwenda kwa mwenye duka akarudi na kopo la dawa ya zambarau ya kupuliza, na bonge la chumvi begani kama mtu aliyebeba mtoto. Bonge likawekwa kwenye zizi la wengine. Walilivamia kwa namna ambayo Celedonio aliona haya kutazama.

Mara nne kwa siku alimkamua Zarca upande mbaya, kidogo kidogo, na kilichotoka alikifukia. Mbuzi alikuwa akimkanyaga mguu ule ule wenye kilema, naye anasema, "Una haki, bibi." Jumanne utando ulishika. Alikwenda kuutazama mara nyingi hata Hermelinda akamwambia kidonda nacho kinahitaji faragha. Jumatano utando ulikuwa bado upo, mkavu, wa zambarau, na uvimbe ulikuwa umepungua. Kiwele kilikuwa laini tena. Lakini chuchu ya kushoto ilitoa matone matatu ya majimaji, basi. Alikamua tena baada ya saa moja. Matone mawili.

Hapo tena shetani alipata nafasi, na safari hii hakuhitaji kisu. Kidonda kilikuwa kimefichika kwa ndani ya paja, manyoya yangeota. Mbuzi yeyote anaweza kukauka maziwa upande mmoja, wala hakuna ajuaye kwa nini. Celedonio angeweza kuchukua simu Jumatano hiyo na kusema kweli yote. Hakupiga. Hilo ni doa juu yake, na sikusudii kulisugua.

Mkewe alimuuliza swali moja tu, akimwagia maharage sahani.

"Utamwambia kabla hajala au akishakula?"

Celedonio aligeuzageuza kijiko. "Kabla," alisema.

Alhamisi alikuwa njia panda tangu asubuhi, mahali basi la Matehuala linapoteremsha watu wetu. Alikuwa na kamba mbili mkononi. Kamba moja ilimshika Zarca, bado na mabua shingoni. Nyingine ilimshika Tórtola, wake mwenyewe, mbuzi bora kati ya wale tisa, ambaye mwaka jana alikataa kumuuza kwa bei nzuri. Basi lilichelewa. Kila gari lililotokea mbali katika vumbi lilimfanya avue kofia na kuivaa tena.

Eduviges alishuka na mifuko mitatu, akatabasamu, kisha akaona mabua. Tabasamu likabaki usoni kwa sababu hakuwa na muda wa kuliondoa.

"Usinisalimie kwanza, komadre," alisema Celedonio. "Nisikilize."

Akamwambia. Alianza na waya na kitambaa chekundu, akamwambia kuhusu chumvi na walichofanya wenzake Zarca. Alimwambia kile alichosema kwenye simu na alivyokipanga. Alimwambia pia, bila kumtaja Nicanor jina, kwamba Jumapili alipewa njia ya kumletea ngozi badala ya mbuzi, na kwamba aliomba siku moja ya kufikiri. Hilo la mwisho hakuna ambaye angelijua kamwe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu mbuzi.

Eduviges aliweka mifuko juu ya jiwe, akachuchumaa. Aliinua paja la mbuzi, akagusa utando kwa ncha ya kidole. Akakamua kulia, maziwa yakachirizika vumbini. Akakamua kushoto, akangoja, akakamua tena. Alisimama akijifuta mkono kwenye sketi.

"Jumamosi uliniambia anakula vizuri."

"Alikuwa anakula vizuri."

"Kompadre."

"Ndiyo, komadre. Nilikudanganya."

Aligeuka akamtazama Tórtola, akamfungua mdomo akaona meno, akampima kiwele kwa viganja viwili. Hakuuliza kama Celedonio ana uhakika. Alichukua kamba.

"Huyu ni wa Nayeli," alisema.

"Ni wa Nayeli."

Wako watu hapa waliosema baadaye kwamba alikuwa mgumu, kwamba komadre angeweza kumsamehe mzee wa watu mbuzi mmoja. Mimi nasema alifanya sawa. Anayeleta fidia kwa mikono yake mwenyewe akirudishiwa, anaambiwa kwamba neno lake halikuwa na uzito. Celedonio aliumia kumtoa Tórtola, na alistahili kuumia.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kimemkosesha usingizi. Alimnyooshea Eduviges ile kamba ya pili, ya Zarca, kwa kuwa hakutaka kungoja aombwe. Eduviges alikuwa na mbuzi wengine watatu zizini kwa Celedonio, na akiwahamisha wote, ifikapo jioni ya sikukuu kila mwenye mbuzi Tanque Seco angejua sababu.

Eduviges hakuipokea.

"Huyu atarudi na wewe. Na wale watatu watabaki."

"Bado unaniachia?"

"Nimwachie nani?" Alikuwa anajitwika mfuko begani na hakumtazama. "Kabla yako niliwapa wengine wawili, unawajua. Kwao hakuna mbuzi wangu aliyewahi kukwaruzwa hata na mwiba. Walikuwa wanakufa kwa radi tu. Radi nyingi mno, kompadre, kwa nchi isiyo na mvua."

Celedonio aliinama akaichukua mifuko miwili iliyobaki, lakini Eduviges akamnyang'anya mmoja na kumwambia asijifanye kijana. Wakaanza kushuka kijijini, yeye mbele na Tórtola, ambaye alikuwa anavuta kamba na kulia akiangalia nyuma. Celedonio alikwenda polepole na Zarca, mkono mmoja kwenye taya la mbuzi, kwa sababu kwa ile ngazi shingoni hakuweza kuona mahali anapokanyaga.